Kabla Hujalipa

Ngoja kwanza, Chibago. Rudisha hizo fedha mfukoni.
Gari halinunuliwi kwa kuhesabu milango.
Kaa hapo juu ya tofali nikueleze,
maana nimeliendesha miaka kumi na saba
na sitaki nikatajwe kwa ubaya huko Kizota.

Asubuhi za Juni, baridi ikiuma masikio,
litakohoa mara tatu, la nne linyamaze.
Usikanyage mafuta kwa hasira, utalowesha plagi.
Vuta choki hadi nusu, hesabu mpaka kumi,
ndipo upige stata, taratibu,
kama unayebisha hodi kwa wakwe.
Likigoma kabisa, tazama vichwa vya betri:
ule unga wa kijani si rangi, ni kutu.
Maji ya moto na mswaki mkuukuu vinatosha.
Mimi niliuziwa betri mpya,
na ile "iliyokufa" nikaikuta mwezi uliofuata
inawasha redio kwa kinyozi.

Septemba, upepo ukianza kuhamisha viwanja vya watu,
fungua chujio la hewa kila Jumamosi,
likung'ute kwenye tairi.
Utashangaa. Nusu ya Nkuhungu imo mle ndani.

Geji ya mafuta inasema nusu.
Inasema nusu tangu nilipolinunua:
ni mwongo, ila ana msimamo.
Andika kilomita kwenye daftari hili.
Kurasa za nyuma usizijali,
ni hesabu zangu za miche ya zabibu.

Sasa joto. Hapa nisikilize vizuri.
Mshale ukivuka nusu, washa hita,
hata kama jua linakaanga lami.
Hita huipokonya injini moto wake, ikuletee wewe miguuni.
Utatoka jasho. Bora utoke wewe.
Mshale ukizidi kupanda, simama, zima, shuka,
tafuta kivuli, kula karanga,
na kifuniko cha rejeta usikiguse.
Unauona mkono wangu?
Ramani hii nilichorwa njia ya Haneti,
nikiwahi msiba
ambao nao niliukosa.

Likigonga ngo! ngo! kwenye matuta, hizo ni bushi, zitavumilia.
Likilia kama panya ukiwasha taa, kaza mkanda wa alternata.
Lakini ukisikia chuma kwa chuma ukikanyaga breki,
hapo usingoje mshahara.

Na upo mlio mmoja, nyuma kushoto, sijaujua.
Mafundi watano, majibu sita.
Nimebadilisha shokapu, nimefunga upya bomba la moshi,
nimeng'oa hadi kiti.
Hulia siku za mvua tu, tukivuka korongo,
kama mtu anayeguna na lake moyoni.
Siku hizi nauitikia: "Ehe."
Basi linaendelea.

"Mama Mbeleje," akasema, "mbona unaniuzia magonjwa?
Umeshusha laki nne
na mimi sijafungua mdomo."
Nikamwambia chukua laki nne zako.
Ningekuwa na macho nisingeuza:
usiku naona taa mbili penye moja,
na sijui ni ipi ya kukwepa.

Akahesabu noti mara mbili, mate kidoleni.
Nikampa funguo, spana namba kumi, dumu la maji.
Akaenda akipungia watoto, kioo chini,
mpaka kona ya mashine ya kusaga.
Likazima.

Nikasikia stata, mara moja, mara ya pili, kwa pupa,
nami nimekwishasimama, kanga imeanguka,
vidole vinavuta hewa:
nusu, mwanangu, nusu, si zaidi.
Nikaanza kuhesabu.

Nilipofika saba, likawaka.
Hakungoja kumi.