Hadi Mstari wa Nne

Muhula huu idara imenunua mfumo.
Kazi zinaingia zenyewe, zinajisahihisha zenyewe,
na mimi, msaidizi wa mhadhiri, Hisabati mwaka wa kwanza,
nimeambiwa niwe nafuatilia tu.

Nafuatilia.
Saa tano na dakika hamsini na nane usiku,
Mabibo umeme umekatika,
wanafunzi mia mbili na kumi na nne wanagombea mnara mmoja wa simu,
na kila aliyeandika sifuri nukta tano
palipotakiwa nusu
anaambiwa: SI SAHIHI. JARIBU TENA.

Kabatini bado ninazo karatasi za mwaka jana.
Zinanuka vitumbua.
Humo nilimjua Tumsifu kabla sijamwona:
alama ya kutoa aliyoidondosha mstari wa tatu
niliikuta imedondoka pale pale
kwenye karatasi kumi na moja za bweni moja,
kama surua.
Humo Nasemba alipiga mstari ukurasa mzima,
kisha kwa herufi ndogo: "Samahani, naanza upya."
Nilimpa alama mbili kwa ule upya.

Pembeni niliandika kwa wino mwekundu:
"Ulikuwa sawa hadi mstari wa nne. Hapa ulichoka?"
Mmoja akanijibu kwa penseli, kazi iliyofuata:
"Hapana, mwalimu. Maji ya mgao yalitoka, nikakimbilia ndoo."

Basi kwenye kikao nilisimama kuitetea karatasi.
Nilisema maneno mazuri kuhusu njia na jawabu.
Walitikisa vichwa, wakaendelea na chai.

Wiki ya tatu likaja jina la Mwombeki.
Kumi kwa kumi. Tena kumi. Tena.
Mwombeki anayerudia somo,
mwenye saba zisizotofautiana na moja,
mistari inayoporomoka hadi kona ya chini,
niliyemwandikia mara nne, tano: "Uzembe."
Nikajua tu, kuna mtu anamfanyia.

Nikamwita.
Alikuja moja kwa moja kutoka Buguruni,
dukani kwa mjomba wake, vumbi la saruji kwenye nyusi.
Nikampa milinganyo mitatu, atafute x, y na z.
Akageuza risiti ya misumari, akaanza.
Mkono wa kulia ulitetemeka. Akaushika kwa wa kushoto
kama mtu anayemshikia mtoto kikombe.
"Homa ya uti wa mgongo," alisema bila kuinua macho,
"nikiwa darasa la sita."

Nilisubiri.
Saba yake ilikuwa saba.
Kutoa kwake kulikuwa kutoa,
pale macho yangu yalipozoea kuona mkwaruzo.
Mstari wa nne, sawa. Wa tano. Wa sita.
"Kwa nini hukuniambia?"
Akapangusa nyusi. "Hukuuliza, mwalimu.
Mashine nayo haikuuliza, ila yenyewe
naibonyezea namba, inazisoma."

Usiku nilitoa karatasi zake kabatini,
nikazisoma polepole, kalamu nimeifunika.
Mbili zilikuwa na makosa kweli.
Tatu, makosa yalikuwa yangu.

Simu ikalia: Kazi namba sita, 214 zimesahihishwa.
Mimi nilikuwa bado kwenye ile ya tatu,
nakwangua neno "Uzembe" kwa ukucha.
Wino ulibaki. Karatasi ndiyo iliyotoboka.