Upande wa Chini

Jumatatu makumbusho yamefungwa.
Odile Peyrichout anavua pete, anavua saa,
anatandika blanketi mbili mezani
na juu yake beseni la plastiki, kamwe si la chuma,
maji vuguvugu, tone moja la sabuni.
Mwaka wa kumi na tisa huu
anaosha vyombo visivyoliwa kitu.

Vikombe vyembamba hata mwanga hupita
ukamwonyesha kivuli cha kidole chake upande wa pili.
Birika lenye shingo ya bata bukini.
Mchungaji wa kauri, shavu jekundu,
kondoo watatu wasioijua mvua ya Limousin,
na buti safi za mtu asiyewahi kuchunga.
"Mwongo wee," Odile humwambia kila mwaka,
akimsafisha masikio kwa brashi.

Halafu bakuli la supu,
kubwa kama kichwa cha ndama:
buluu ya usiku, ukingo wa dhahabu,
na juu ya kifuniko limau lililokatwa nusu,
bichi hata mate yanakujaa kinywani.
Kibao kinasema: kiwanda, mwaka,
jina la bwana aliyeagiza,
jina la mjane aliyelitoa zawadi.
Kibao kina adabu. Kibao hakina mikono.

Analigeuza,
kiganja kimoja tumboni, kimoja kisogoni,
kama anavyogeuzwa mtoto mchanga aogeshwe mgongo.
Na pale, kando ya muhuri wa kijani wa kiwanda,
nukta mbili na mkia.
Kwa dhahabu. Ndogo kama alichoacha inzi.

Anaijua.
Aliiona utotoni kwenye mitungi ya jamu,
kwenye gunia la viazi, kwenye pindo la shuka.
Bibi Léonie hakuwa mtu wa kalamu;
barua zake zote zilikuwa hiyo moja:
changu hiki.

Miaka thelathini na miwili alikaa dirishani
akisugua dhahabu kwa jiwe la akiki,
maana dhahabu hutoka tanurini imefifia, uso wa mgonjwa,
na lazima mtu aisugue, aisugue,
mpaka ikumbuke kwamba ni dhahabu.
Walilipwa kwa kipande. Alama ilikuwa ya hesabu tu:
Jumamosi karani aligeuza, akahesabu,
akakata pesa kwa kila chenye doa.
Babu alikuwa vinuni, kwenye vumbi jeupe.
Alikohoa tangu Pasaka hadi majani yalipopukutika,
kisha akaacha kukohoa.
Nyumbani walinywa kahawa kwa vikombe vya bati.
"Kauri?" bibi alicheka. "Nimeigusa ya kutosha."

Maji yanapoa. Odile hajalikausha bakuli.

Anapita Bwana Vauzelle, msimamizi, na funguo zake.
"Tungeweka kioo chini yake," anasema Odile, "watu waone."
"Waone nini, Bi Peyrichout? Alama ya kibarua?
Bajeti ya mwaka huu imeliwa na paa."
Akaenda, na funguo zikamfuata kwa kelele.

Odile akafungua mkoba,
akatoa kioo chake cha poda, kimepasuka ukingoni,
akakilaza kabatini, kati ya vijiguu vitatu
vinavyolibeba bakuli.
Akafunga. Akavaa saa. Akasahau pete.

Jumanne watu walirudi.
Walisoma kibao, walisifu limau,
wakapita kwenda kumpiga picha yule mwongo na kondoo wake.
Jumatano vivyo hivyo, na mvua.
Alhamisi mvulana wa shule aliangusha glavu,
akapiga magoti kuiokota,
akabaki huko chini.
Mwalimu alimwita mara ya kwanza. Mara ya pili.
Mtoto alikuwa ameinua kidole,
anahesabu kitu: moja, mbili, na kile chenye mkia.

Mtaka cha mvunguni —

lakini mwalimu alikwisha kumshika mkono.