Mengineyo (Taja)

Swali la kwanza lataka jina la mkuu wa kaya.
Syokau akaniuliza, kaya ndiyo nini?
Nikamjibu nilivyofundishwa, siku tano, chai na keki saa nne:
kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.
Akageuka, akakitazama chungu.
"Basi tangu juzi," akasema, "sisi si kaya."
Akacheka. Mimi nikabonyeza *Endelea*.

Hapa ni Mukuru kwa Reuben, nyuma ya kiwanda cha rangi,
mtaro hufuata ratiba ya zamu:
Jumatatu kijani, Alhamisi nyekundu.
Nimekalia kiti cha kuazima;
nilipobisha hodi nilikiona kikipitishwa dirishani,
kwa hiyo sikukihesabu kwenye samani.

Paa, mabati. Sakafu, saruji,
ingawa katika ufa mmoja kitunguu kimechipua.
Choo, cha wote, shilingi kumi, usiku hakuna.
Televisheni?
Ipo. Kubwa, ya mgongo. Tumbo tupu:
fundi alizing'oa nyaya akaondoka nazo,
sasa ni kabati la chumvi na madaftari ya Mwende.
Fomu haiulizi kama inaongea.
Kidole changu kikaning'inia hewani.
Televisheni ni alama nne,
na alama nne ni unga wa mwaka mzima.
Nikaandika *Hapana*.
Mungu anisamehe, au idara,
yeyote atakayefika kwanza.

Swali la thelathini na moja: haja kuu ya kaya ni ipi?
Chakula. Matibabu. Karo. Kodi ya nyumba.
Kidole kilikuwa kishatua kwenye chakula.
"Kufuli," akasema.

Lile la zamani lilivunjwa Februari, likaenda na cherehani.
Kilichobaki ni blanketi mbili, jiko,
na sare ya Mwende, ambayo jioni hufuliwa na kulaliwa chini ya mto.
Kule South C kuna mama anayetaka mfuaji,
siku tatu kwa wiki, mia tano kila siku.
"Sasa nikitoka, nani atakaa na mlango?
Kufuli ni mimi."

Ni bei gani?
"Mia mbili hamsini."
Na hujawahi kuipata?
"Naipata. Lakini haijawahi kulala humu ndani."

Katika orodha hakuna kufuli.
Kuna *Mengineyo (taja)*, nafasi ya herufi ishirini.
Kufuli ni herufi sita.
Lilienea, likabakiza nafasi.

Ofisini, Lokwang alilisoma mara mbili.
Si mtu mbaya. Mezani pake kuna kaya elfu nne na mia tatu,
na pesa za kaya mia sita,
na kidonge cha presha ndani ya kisoda.
"Hili halina safu," akasema. "Na tukiwapa kufuli,
kesho wataomba mlango."
Sikumjibu. Nilikuwa katikati ya ngazi, nateremka,
jibu liliponifikia:
ndiyo, wataomba mlango.

Msiniulize kama nilimnunulia.
Nilimnunulia, la shaba, funguo mbili.
Akalipima uzito kiganjani, akauliza atie saini wapi.
Nyumba ya pili kutoka kwake, mlango ni pazia,
na pazia halifungiki kwa mshahara wangu.

Usiku huo nikarudi kwangu, Umoja, ghorofa ya tatu.
Lango la chini. Geti la ngazi. Mlango wa chuma,
kisha wa mbao, kisha komeo, kwa mazoea tu.
Miaka saba naulizia watu wana nini,
na haya sijawahi kuyaandika popote.
Nikasimama gizani, funguo zikilia mkononi,
nikizihesabu,
na nilipofika ya mwisho nikaanza upya,
kama mtu aliyeambiwa kuna swali ameliruka.