Kadi ya Kumi na Saba

Kadi ni thelathini, nimezifunga kwa mpira.
Saa ya kuhesabu sekunde nimeazimwa Kampala,
na fomu, kabla ya lolote, inauliza:
Lugha ya nyumbani? Tia alama kisanduku kimoja.

Kaltuma Fadimulla, miaka minane, darasa la tatu,
shule moja ya Oli, mjini Arua,
akanitazama kana kwamba nimemuuliza
anapumulia tundu lipi la pua.

"Nyumbani upande gani?"

Jikoni mama yake, Ayikoru, husonga ugali kwa Kilugbara.
Barazani bibi mzaa baba husuka tabaga,
nyekundu, zambarau, kijani cha kuumiza macho,
na hugomba kwa Kinubi.
Nyuma ya ua mpira unachezwa kwa Kilingala.
Dukani chumvi hununuliwa kwa Kiswahili,
na deni hukanwa kwa Kiswahili hichohicho.
Kiingereza kinakaa shuleni.
Kinavaa viatu.

Kisanduku kimoja!
Nimekiacha wazi. Msimamizi atapiga simu.

Tukaanza. Kuku, sahihi. Ufunguo, sahihi.
Kadi ya tisa: mtu wa theluji,
kofia kichwani, karoti mahali pa pua.
"Huyu kapakwa majivu," akasema, "na anaumwa."
Nikaandika: hajui.
Nami, mtoto wa Mityana, theluji nimeijulia wapi?

Kadi ya kumi na saba: glasi ya maji.
Hakusita hata kidogo.
"Moyo."
Nikapiga ekisi, na pembeni, kwa wino mwekundu:
anachanganya maana.

Kadi ya ishirini na mbili ikaleta moyo wenyewe,
mwekundu, ule wa kadi za harusi.
Akanyamaza. Saa ikatafuna sekunde zake.
Kisha, chini chini, kama anayetaja jina la mgonjwa: "Asi."
Sikujua. Nikaacha nafasi.

Jioni nilikwenda kwao kutafuta sahihi ya mzazi.
Bibi hakuinua macho kwenye ususi wake.
"Kaltuma, jibu moyo," akaita,
na mtoto akatoka mbio
akarudi na kikombe cha bati, kimejaa mpaka ukingoni,
maji ya mtungi, yananukia udongo na ubani kidogo.

Nikanywa.
Nikanywa yote, kwa aibu,
kosa langu likishuka kooni baridi.

Alipoona nimemaliza, Kaltuma akanyakua tabaga.
"Hii nini?"
"Kifuniko."
"Kwa lugha ya bibi?"
Nilikwisha kulisikia mara tatu jioni ile, na lilinitoka.
Akahesabu kwa vidole, moja, mbili, hadi kumi,
kisha, kwa upole wa mwalimu mzoefu,
akanichorea ekisi hewani.

Usiku, chini ya taa ya sola, nimejumlisha upya.
Majina tisa ya Kiingereza.
Manane ya Kilugbara.
Saba ya Kinubi, ya kumi na saba ikiwemo sasa.
Matatu ya Kiswahili.
Mawili ya Kilingala, ambacho fomu haikukipa safu.
Zisome safu moja moja:
chini ya kiwango, chini ya kiwango, chini ya kiwango.
Mtoto huyuhuyu, maskini mara nne.

Nikachukua rula, nikapiga mstari pembeni mwa karatasi,
safu ambayo hakuna aliyeiagiza,
nikaandika juu yake: vitu anavyovijua.
Ishirini na tisa.

Mwakani ni darasa la nne.
Wataifunga milango yote ya nyumba ile
wabakishe mmoja,
halafu watauliza mbona amechelewa kuingia.

Simu imelia mara mbili. Ni kile kisanduku.
Nami bado nimeishika kadi ya tisa,
yule mweupe mwenye karoti.
Kapakwa majivu, na anaumwa.
Nimefuta "hajui".
Sijui niandike nini.