Shimo la Chokaa

Somoe alipiga simu saa nne usiku, saa zetu,
akaielekeza kwenye dirisha la Praha:
Tazameni.
Baba akaivuta karibu na pua, akaona weupe
juu ya mapaa, juu ya daraja la mawe,
juu ya mabega ya masanamu yasiyojipangusa.
Akasema: Usiushike kwa mkono mtupu, mwanangu.
Usije ukakuunguza.

Tulicheka. Naye alicheka, kwa kuchelewa,
lakini nilimwona anavyoiangalia mikono yake,
yale makovu ya chokaa mbichi,
mviringo mviringo, kama senti za zamani.

Alikuwa mchoma chokaa hapa Mikindani.
Magogo aliyapanga kama gurudumu,
matumbawe juu, moto katikati, siku mbili hakuna kulala.
Kisha sheria ikaja, na sheria haikukosea:
matumbawe ni nyumba ya samaki.
Baba akafukia shimo
akaenda kupima saruji dukani kwa Nampembe.

Ada ya Somoe wanalipa wafadhili,
ila ufadhili haununui koti.
Koti lilitoka kwenye korosho, magunia kumi na moja,
mnada wa pili, pesa ikaingia Januari.
Mama akamfungia ming'oko ya kuchemsha.
Uwanja wa ndege wakamwuliza, mizizi hii ni dawa ya nini?
Akamenya mmoja, akautafuna mbele yao, taratibu,
mpaka askari akagonga muhuri, akageuza uso.

Anakaa chumba cha juu kabisa, ngazi themanini na mbili.
Nyumba ina miaka mia nne, anasema,
na bado watu wanagombania kupanga.
Hapo sauti yake hubadilika.
Yetu haijafika hata nusu ya hiyo,
na mtini umeota sebuleni,
mizizi imeukumbatia mlango wa nakshi
kama mgeni anayekataa kuaga.

Jumanne, mwalimu wao aliuliza:
chokaa ilale shimoni muda gani ndipo ifae kujengea?
Wenzake wakafunua vitabu.
Somoe akanyoosha kidole, akajibu
kwa Kicheki chake cha kuokoteza:
Mpaka shimo limsahau aliyelichimba.
Mwalimu akavua miwani.
Akamwomba arudie. Akaandika ubaoni.

Baba kimya. Feni inazunguka.
Kisha: Ameandika na jina?
Jina lipi, baba?
La aliyesema.
Mtandao ukakwama hapohapo,
Somoe mdomo wazi, nusu ya neno,
theluji imesimama hewani nyuma yake.
Mama akasema ni bando. Haikuwa bando.

Alfajiri nilimkuta nyuma ya mikoko,
suruali ameikunja magotini,
anachoma kijiti ardhini, hatua moja, anachoma,
hatua nyingine, anachoma,
anasikiliza kwa kiganja.
Tope, mchanga, kifuu. Tope tena.
Nikamwuliza kama anakumbuka lilipokuwa.
Akainua uso, jasho linamtiririka kidevuni.
Limenisahau, akasema,
na mpaka leo sijui
alikuwa analalamika au anajisifu.