Punda wa Chidumizi

Jumanne alfajiri, kabla sijachemsha sindano,
Chidumizi alibisha mlango wa ofisi yangu, Bahi,
kamba mkononi, punda nyuma yake.
"Daktari, huyu anapandwa usiku.
Kila Jumanne na Ijumaa namkuta hoi.
Wachawi wameishiwa fisi, sasa wamehamia kwa punda wangu."

Sikucheka. Mwaka wa kumi na moja huu
natibu mifugo ya wilaya hii, na nimejifunza:
mwenye mnyama huja na jibu kabla ya ugonjwa.
"Mshike masikio," nikasema, nikainama.

Vifundoni, ukoko mweupe.
Niliulamba (bosi wangu wa mkoa asijue).
Chumvi. Na chumvi ile mjini haipo,
iko kule mbugani, ardhi inakotoka jasho.
Ubavuni, vidonda viwili, kushoto na kulia,
vimelingana kama macho.
Matako ya mchawi hayachubui hivyo.
Hilo ni dumu la lita ishirini, limejaa.
Na katika kidonda cha kushoto, kwa kibano,
nilichomoa uzi wa sufu, kijani.
Mtu alimtandikia punda nguo asiumie!
Mwizi mwenye huruma.
Niliuviringisha uzi kwenye karatasi ya dawa.
"Mlete Ijumaa," nikamwambia mzee.

Huku nje kesi ilikwisha kukatwa.
Kwenye kibanda cha chipsi, kwenye mashine ya kusaga,
jina lilikuwa moja: Nhonya,
dada yake Chidumizi, anayeishi peke yake mbugani
tangu ndama saba walipokufa, mwaka juzi,
wakasema amewala kwa jicho.

Ndama wale niliwapasua mimi.
Mapafu yamejaa povu, tezi zimevimba kama mayai ya kanga.
Ndigana. Kupe, basi.
Niliandika daftarini kwa mwandiko mzuri,
nikafungua ukurasa mwingine.
Siku ya mkutano wa kijiji nilikuwa na chanjo Chipanga.
Ndivyo nilivyojiambia.

Alhamisi usiku nilizima pikipiki nyuma ya josho bovu.
Saa saba, kwato. Hatua za punda asiyeswagwa.
Mbele yake mtoto, kifua wazi katika baridi ya Julai,
sweta lake la shule limekunjwa chini ya kamba za madumu.
Mbijima, darasa la sita, mjukuu wa Chidumizi.
Siku ya chanjo ya mbwa alinibebea sanduku la barafu,
akauliza kama kichaa cha mbwa
kinaweza kuwapata watu wazima wote kwa mpigo.

Sikumfuata. Nilijua njia inakoishia:
kisima cha Nhonya hugeuka chumvi kila kiangazi,
na bombani, mchana, hakuna anayempisha.

Ijumaa. "Umempata?"
"Nimempata."
Chidumizi akakaa juu ya ndoo ya dawa ya kuogeshea.
Ningeweza kumpa jina. Nilimpa daftari,
ukurasa wa mwaka juzi, nikamsomea
ndama kwa ndama, yule wa baka, wale mapacha,
mpaka wa saba.
"Haya nilipaswa kuyasoma mkutanoni," nikasema.
Alinyamaza. Punda alijikuna kwenye fremu ya mlango
mpaka rangi ikabanduka.
Ndipo nikaweka uzi mezani.
Aliugeuza kidoleni mara mbili. Sweta lile
alilinunua mwenyewe, mnadani, akabishania bei nusu saa.

"Nadaiwa ngapi?"
"Dawa ya kidonda, elfu tatu. Na tandiko:
magunia mawili, yajaze majani makavu."
Alilipa noti kwa noti. Kizingitini akageuka.
"Huyu, akizoezwa, anabeba madumu manne?"
"Manne," nikasema,
"mtu mzima akimwongoza."