Upande wa Tangi

Kwanza tuondoe kosa: lile jekundu si ua.
Ni jani. Lina mishipa, lina ncha, lina kikonyo
kinachotoa utomvu mweupe ukikikwaruza kwa ukucha,
nao hunata vidoleni hadi jioni, sabuni isiuweze.

Ua lenyewe utalikosa usipoinama.
Pale katikati, palipobanana,
kuna vikombe vya kijani, vidogo kama dengu,
kila kimoja na mdomo wa manjano ubavuni
wenye asali ya kumlewesha sisimizi mmoja.
Ndani ya kikombe: dume, dume, dume,
kila dume ni stameni moja tu,
hana hata petali ya kujisitiri.
Na jike mmoja, juu ya kikonyo chake,
ambaye mimba ikishatunga huning'inia nje ya ukingo
kama mtu anayechungulia nani kapita.

Haya niliyaandika katika daftari la chuo.
Shangazi Hermelinda akayasoma kwa miwani ya kuazima.
"Hujaandika kwamba kinapukutisha," akasema.

Kweli. Kinapukutisha.
Februari, upepo mkavu ukipanda kutoka korongoni,
kichaka kizima hubaki fito na makovu,
na wageni wa kutoka mjini huuliza
kama tunauza kuni.

Wazee wake walikiita cuetlaxochitl.
Yeye hukiita "huyu".
Huyu hapendi maji miguuni. Huyu kapita paa.

Na kuna jambo la giza.
Huyu huhesabu usiku, si mchana.
Usiku ukirefuka kuliko mchana,
mrefu, mzima, usiokatwa na taa,
usiku baada ya usiku tangu Oktoba,
ndipo jani changa huzaliwa na rangi.
Mulika katikati, hata kidogo,
hesabu imevurugika.

Mwaka jana manispaa wakaleta nguzo.
Taa nyeupe, ya chumba cha upasuaji,
mita nne kutoka dirisha la jikoni.
Tuliiomba sisi wenyewe. Saini ishirini na tatu,
ya kwanza ya shangazi, herufi kubwa kubwa,
wiki ile Yaretzi wa jirani alipofuatwa na pikipiki
akirudi usiku kutoka karakana ya vito,
akaingia kwetu bila kubisha hodi,
kiatu kimoja mkononi.

Desemba ikafika. Korongoni vichaka viliwaka.
Chetu kijani, kijani ya aibu, kama kabichi.
Shangazi akapanda ngazi saa kumi na moja jioni
na blanketi la marehemu Eutiquio;
upepo ukalivua, likawaangukia kuku.
Akacheka hadi akakaa chini.

Mimi ndiye niliyezunguka nyuma, kutafuta yai.
Kule, kivulini mwa tangi jeusi la maji,
ambako mwanga wa nguzo haufiki,
matawi tisa. Mekundu.
Tawi la kumi lilivuka mpaka:
huku kabichi, kule moto,
na ndege mvumaji kwenye ule mdomo wa manjano,
anakunywa bila kujua kuna mgogoro.

Nilimwambia: naweza kwenda manispaa.
Waweke kifuniko upande wetu, kibati tu, si gharama.
Hakujibu. Alikuwa anatazama barabara.
Yaretzi alikuwa anapita chini ya taa,
anakula karanga, hana haraka,
anatupa maganda kama mwenye mtaa.

Shangazi akaingia ndani, akatoka na kiti,
akakiburuta hadi nyuma ya nyumba,
akakaa akilitazama tangi.

Daftarini nimeandika: matawi tisa na nusu.
Mhadhiri amezungushia ile nusu alama ya kuuliza.

Februari yalianguka yote.
Niliyafagia rundo moja,
na yakishakauka, mwenzangu,
sikuweza kujua yapi yaliona taa.